Taswira za data kubwa kwenye klasta: mchawi si kadi ya picha

Klasta, yaani kundi la kompyuta zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, ikichora polepole, kitu cha kwanza kuombwa huwa ni kadi za picha. Ombi lenyewe halina ugumu kuliandika: data imekua, picha zinachelewa, tunahitaji GPU mpya. Fedha zinatoka, kadi zinafungwa, na picha zinaendelea kuchelewa vilevile. Hilo halipaswi kumshangaza mtu, kwa sababu katika kazi hii kuchora ndiyo sehemu nyepesi. Muda unaliwa na data inapohama: kutoka diski kwenda RAM, kutoka umbo moja kwenda jingine humohumo ndani ya RAM, kutoka nodi (kompyuta moja ya klasta) hadi nodi, na mwishowe kutoka klasta hadi skrini ya mtumiaji.

Tuchukue mfano mmoja na twende nao. Simulesheni ya mtiririko wa hewa imetoa gridi ya pointi 4096 kwa kila upande wa mchemraba, na kila pointi ina thamani moja ya baiti 4. Hizo ni pointi bilioni 68.7, yaani gigabaiti 275 kwa hatua moja tu ya wakati. Tukizigawa kwa nodi 64, kila nodi inabeba mchemraba wa pointi 1024 kila upande, gigabaiti 4.3. Mfumo wa mafaili ukiweza kutoa gigabaiti 5 kwa sekunde kwa jumla, kusoma peke yake ni sekunde 55. Baada ya hapo tunatafuta uso wa thamani sawa, ule unaopita kila mahali ambapo kasi ya hewa ni ileile, na tuseme umetoka na pembetatu milioni 500. Zikigawanyika sawasawa, kila nodi inapata karibu milioni 8, na kadi ya kawaida ya leo haichukui hata sehemu ya kumi ya sekunde kuzichora. Ifanye kadi hiyo ichore kwa muda sifuri. Aliyesubiri dakika nzima atasubiri dakika ileile.

(Hazigawanyiki sawasawa, bila shaka. Msukosuko wa hewa hukusanyika mahali pamoja, na nodi iliyoangukiwa na mahali hapo inaweza kubeba pembetatu mara kumi ya jirani yake. Ndiyo maana anayepima klasta asiangalie wastani wa muda wa nodi zote. Aangalie nodi iliyochelewa kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayosubiriwa.)

Kuunganisha picha za nodi 64

Mwaka 1994 Molnar, Cox, Ellsworth na Fuchs waliainisha njia tatu za kugawana kazi ya kuchora, na uainishaji wao bado unatumika. Swali lao ni hili: maumbo yanapangwa upya lini kufuata mahali yanapoangukia kwenye skrini? Ukipanga mwanzoni, kila nodi inamiliki kipande cha skrini na inatumiwa maumbo yanayokihusu. Mtumiaji akigeuza kamera, data inahama tena. Ukipanga katikati, unafanya kile ambacho kadi ya picha inakifanya ndani yake yenyewe, ila kati ya nodi na nodi mtandao haustahimili. Ukipanga mwishoni, kila nodi inachora data yake yote kwenye picha kamili ya skrini nzima, kisha picha hizo 64 zinaunganishwa kuwa moja.

ParaView na VisIt, programu mbili zinazotumika zaidi kwa kazi hii, zinategemea njia ya tatu. Faida yake ni kwamba gharama ya mtandao inafuata ukubwa wa skrini, haifuati ukubwa wa data. Data ikiongezeka mara kumi, picha za kuunganishwa zinabaki na pikseli zilezile. Njia ya kwanza imebaki na heshima yake kwenye kuta za skrini nyingi, ambako kila nodi ina skrini yake ya kulisha na data ni ndogo kiasi cha kunakiliwa kila mahali. Kwingineko sioni sababu ya kuanza nayo.

Hata hivyo, kuunganisha kuna namna ya kijinga na namna ya akili, na tofauti yake inaonekana kwa hesabu. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli inabeba baiti 4 za rangi na baiti 4 za kina, yaani umbali wake kutoka kwenye kamera, jumla megabaiti 16.6. Nodi moja ikiwekwa kiongozi na nyingine 63 zikimtumia picha zao zote, kiongozi anapokea karibu gigabaiti 1.05. Kwenye mtandao wa gigabiti 10 kwa sekunde, hizo ni sekunde 0.84 kwa kila fremu, huku nodi nyingine 63 zikiwa zimekaa bure baada ya kutuma.

Namna ya akili nayo ilichapishwa mwaka huohuo wa 1994, na Ma, Painter, Hansen na Krogh. Nodi zinajipanga wawili wawili. Kila mmoja anampa mwenzake nusu ya picha na kubaki na nusu nyingine, anaunganisha alichopokea na alichobaki nacho, kisha anatafuta mwenza mwingine na kugawana nusu ya ile nusu. Kwa nodi 64 raundi ni 6. Kila nodi inatuma megabaiti 8.3, halafu 4.15, halafu 2.07, na kuendelea hivyo, jumla megabaiti 16.3, ambazo kwenye mtandao uleule ni milisekunde 13 kwa kuwa wote wanatuma na kupokea kwa pamoja. Mwishoni kila nodi ina kipande kimoja kati ya 64 kilichokamilika. Kiongozi anavikusanya vipande hivyo, safari hii rangi peke yake bila kina, megabaiti 8.2, milisekunde 6.5. Kutoka sekunde 0.84 tumefika takriban milisekunde 20, na hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Udhaifu wa mtindo huu ni kwamba unataka idadi ya nodi iwe 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Ukiwa na nodi 48, kuna 16 ambazo lazima zimwage picha zao kwa wengine kabla mchezo haujaanza. Mtindo wa radix-k, uliotolewa mwaka 2009, uliondoa sehemu kubwa ya kero hiyo kwa kuruhusu makundi ya ukubwa tofauti katika kila raundi. Mitindo yote miwili imo ndani ya IceT, maktaba iliyotoka maabara ya Sandia nchini Marekani, ambayo ndiyo ParaView inaitumia kuunganisha picha. IceT pia haitumi pikseli tupu. Mchemraba wetu ukigawanywa vipande 4 kwa 4 kwa 4, basi ukiutazama kwa mbele kila nodi inagusa takriban sehemu 1 kati ya 16 ya picha; sehemu 15 zilizobaki hazina kitu, na IceT inazifupisha kuwa hesabu tu ya pikseli ngapi zimerukwa. Kwa hiyo zile megabaiti 16.3 ni hali mbaya kabisa, siyo hali ya kila siku.

Yote haya yanahusu maumbo yasiyopenyeka. Kwa hayo, pikseli iliyo karibu na kamera inashinda, na haijalishi nani ameunganishwa kwanza. Ukitaka kuchora ujazo mzima kama moshi unaopenyeka, kina peke yake hakitoshi: cha mbele lazima kiwekwe juu ya cha nyuma kwa mpangilio sahihi. Kwa gridi iliyokatwa kwa michemraba mpangilio huo unapatikana kirahisi kwa kuangalia kamera iko upande gani wa kila mkato. Kwa gridi isiyo na mpangilio, ambayo vipande vyake vimeingiliana kama meno ya zipu, haupatikani mpaka data igawanywe upya kwa mikato iliyonyooka. Mtu akiona mawingu yake yana madoa yanayobadilika kila anapogeuza kamera, hapo ndipo pa kuanzia kuchunguza, kabla hajashuku dereva ya kadi.

Kwenye mipaka ya vipande kuna jambo jingine, seli kivuli: nakala za seli za jirani ambazo kila prosesi (programu inayoendeshwa kwenye nodi) inazishika ili ijue kinachoendelea ng'ambo ya mpaka wake. Bila seli hizo, kukokotoa mteremko wa thamani kunaharibika kwenye kila mpaka, thamani zilizowekwa kwenye seli zikihamishiwa kwenye pointi zinapata wastani wa upande mmoja tu na uso wa thamani sawa unapasuka nyufa, na ukiomba sura ya nje ya umbo unapata kuta za ndani zinazofuata mgawanyo wa prosesi. Zina gharama yake. Kipande chenye seli 128 kila upande, kikizungushiwa tabaka moja, kinakuwa cha 130 na kuongezeka kwa asilimia 4.8. Kipande cha 32 kinakuwa cha 34 na kuongezeka kwa asilimia 20. Anayekatakata data yake vipande vidogovidogo kwa kudhani anaharakisha kazi, analipa ushuru huo kwenye kila tabaka.

RAM inayolipuka

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, na ndipo nisipoona mafunzo ya kutosha.

Rudi kwenye gridi yetu. Kwa kuwa ina mpangilio kamili, programu haihitaji kuhifadhi mahali pa kila pointi wala nani ni jirani wa nani; inajua mwanzo, hatua na idadi, basi. Gharama ni baiti 4 za thamani kwa kila pointi. Sasa mtumiaji anataka seli ambazo kasi yake imezidi kiwango fulani, anabofya kichujio cha Threshold. Seli zilizobaki hazina tena umbo la mchemraba, kwa hiyo VTK, maktaba ambayo ParaView imejengwa juu yake, inalazimika kuziandika kama gridi huria. Kila seli yenye pembe 8 inahitaji namba 8 za pointi zake, na kila namba ni baiti 8: tayari 64. Ongeza baiti 8 za kuonyesha orodha yake inaanzia wapi, baiti 1 ya aina ya seli, baiti 12 za mahali pa pointi, na zile 4 za thamani. Jumla 89. Kutoka 4 hadi 89 ni mara 22.

Kichujio kikiacha nusu ya seli, kinazaa terabaiti 3.06. Gawa kwa nodi 64, ni gigabaiti 48 kwa kila nodi iliyoanza na gigabaiti 4.3. Tena ile data ya mwanzo haijatoka, kwa sababu ParaView hushikilia matokeo ya kila kichujio kwenye mnyororo ili ukibadilisha kigezo isianze upya. Nodi ya gigabaiti 64 iko ukingoni. Nodi moja tu iliyopata seli zaidi ya wenzake ikivuka, Linux inaiua prosesi kwa ishara namba 9, MPI, mfumo unaoziunganisha prosesi za nodi zote, inaangusha zote, na mtumiaji kwenye kompyuta yake anaona ujumbe kwamba seva imekatika. Anaanza kulaumu mtandao.

Dawa ni kujua vichujio gani vinapunguza na vipi vinavimbisha. Slice (kukata bapa) na Contour (ule uso wa thamani sawa) vinashusha data kutoka ujazo hadi uso, kwa hiyo kwa kawaida vinapunguza sana. Extract Subset inakata kipande na kuacha mpangilio wa gridi salama, na inaweza pia kuruka pointi: ukichukua moja kati ya mbili kila upande, data inabaki sehemu ya nane. Threshold na Clip (kukata na kuacha upande mmoja) vinavimbisha. Kanuni ya kazi ni kupunguza kwanza kwa vichujio vinavyohifadhi mpangilio, kutafuta pembe ya kamera na rangi kwenye data iliyopunguzwa, na kuvigusa vichujio vinavyovimbisha mwishoni, kwenye kipande kidogo. Na kama simulesheni iliandika namba za baiti 8, kwa ajili ya picha baiti 4 zinatosha. Jicho halioni tofauti baada ya tarakimu ya saba.

Diski na uzinduzi

Kusoma ndiko kunakokula zile sekunde 55, na kunaweza kula mara kumi ya hapo bila mtu kujua. Kwenye mfumo wa mafaili wa Lustre, faili hugawanywa kwa mistari kwenye seva kadhaa za kuhifadhia, lakini klasta nyingi huja zimewekwa mstari mmoja. Faili la gigabaiti 275 likikaa kwenye mstari mmoja, nodi 64 zinapanga foleni mbele ya mlango mmoja. Amri ya lfs getstripe inaonyesha hali ilivyo, na lfs setstripe -c 16 kwenye folda inafanya mafaili yatakayoandikwa humo yagawanyike kwa 16. Zingatia neno "yatakayoandikwa": faili lililokwisha kuwepo halibadiliki mpaka linakiliwe upya au lihamishwe kwa lfs migrate. Kosa la upande wa pili ni kila prosesi kuandika faili lake kwa kila hatua ya wakati. Prosesi 4,096 kwa hatua 500 ni mafaili zaidi ya milioni 2, na seva inayotunza majina ya mafaili ndiyo itakayopiga magoti kabla ya diski.

Aina ya faili nayo inaamua. Faili la .vtu, aina ya VTK ya gridi huria, lenye kipande kimoja litasomwa na prosesi moja, zilizobaki 63 zikitazama. Namna ya kugundua ni rahisi: tumia kichujio cha Process Ids na upake rangi kwa namba ya prosesi. Ukiona rangi moja tu, huna klasta, una kompyuta moja ya gharama kubwa. Kichujio cha Redistribute DataSet kinaweza kuigawa data hiyo, kisha ukaihifadhi kama .pvtu, yaani vipande vingi, na kuachana na tatizo, ila mara ya kwanza lazima prosesi ile moja iweze kubeba mzigo wote.

Kipimo hichohicho cha rangi kinafichua hitilafu nyingine inayowapotezea watu siku nzima. ParaView ya kupakua mtandaoni huja na MPI yake ndani. Mtu akiizindua kwa mpiexec (amri ya kuzindua prosesi za MPI) ya klasta, ambayo ni ya familia nyingine ya MPI, kila prosesi inajiona iko peke yake duniani. Badala ya seva moja yenye prosesi 64, kunakuwa na seva 64 za prosesi moja. Zikiwa kwenye nodi moja, zote zinagombea poti 11111, mlango wa mawasiliano wa ParaView, na makosa yanamwagika kwenye logi, hivyo tatizo linajulikana mapema. Zikiwa moja kwa kila nodi hakuna kosa lolote: kila moja inafungua poti yake kwa amani, mtumiaji anaunganishwa na mojawapo, na nodi 63 zinakaa bila kazi huku saa za klasta zikihesabiwa. Tumia mpiexec iliyokuja na ParaView yenyewe, au ijenge ParaView upya dhidi ya MPI ya klasta. Na toleo la programu kwenye kompyuta yako lilingane na la seva, 5.11 haizungumzi na 5.12.

Kwa wenye kadi kadhaa kwenye nodi moja: ukizindua prosesi 8 kwenye nodi yenye kadi 4, bila maelekezo zote 8 zinaweza kukimbilia kadi namba 0. Endesha nvidia-smi, amri inayoonyesha hali ya kadi, wakati picha inachorwa. Ukiona kadi moja imejaa na tatu hazina kitu, kadi unazotaka kuongeza tayari unazo. Zamani kila nodi ilihitaji seva ya X, programu ya Linux ya kuendesha skrini, ili ichore. Siku hizi EGL inachora bila skrini, na kila prosesi inaweza kuelekezwa kwenye kadi yake kwa namba.

Klasta isiyo na kadi hata moja nayo si ya kudharauliwa. Mesa inachora kwa kutumia prosesa, na OSPRay ya Intel inafuatilia miale kwa prosesa hizohizo na kutoa vivuli ambavyo njia ya kawaida haitoi kirahisi. Prosesa ina faida moja kubwa: data iko tayari kwenye RAM yake, na RAM hiyo ni pana kuliko ya kadi. Tahadhari ni nyuzi za kazi. Prosesi 32 kwenye nodi yenye kori 32, kila moja ikifungua nyuzi nyingi, zinakanyagana; punguza prosesi, au weka LP_NUM_THREADS ili Mesa isijitanue.

Hadi skrini ya mtumiaji

Picha ikishakamilika kwenye klasta bado ina safari. Fremu ya 1920 kwa 1080 yenye rangi peke yake ni megabaiti 6.2. Kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde, bila kubanwa, inachukua sekunde 2.5, muda mrefu kuliko hatua zote za kuunganisha tulizohesabu. Kwa hiyo kubanwa lazima ibanwe, na ParaView inakupa chaguo la kupunguza ubora wakati kamera inageuzwa na kuurudisha ukiachia kipanya. Lakini kubana hakuondoi umbali. Ujumbe ukichukua milisekunde 150 kwenda na kurudi, na fremu inayofuata ikisubiri iliyotangulia, huwezi kufikisha fremu 7 kwa sekunde hata uwe na kadi za aina gani.

Kuna swichi moja inayosahaulika. ParaView ina kiwango cha kuamua ichore wapi: maumbo yakiwa chini ya megabaiti 20, huyatuma yote kwako na kuchorwa kwenye kompyuta yako. Karibu na klasta hilo ni jambo jema. Kwenye laini ileile ya megabiti 20, ni sekunde 8 za skrini iliyoganda kila unapobadilisha kigezo. Shusha kiwango hicho hadi 0 na seva itachora kila kitu. Na usifungue poti 11111 kwa dunia nzima. Mawasiliano yake hayajasimbwa, yapitishe ndani ya SSH, ambayo husimba kila kinachopita.

Kuchora simulesheni ikiwa bado inaendelea

Watengenezaji wa mashine kubwa kabisa walishaliona tatizo la kuhamisha data. Maabara ya Oak Ridge ilikuwa na Titan mwaka 2012, yenye uwezo wa petaflopi 27 (petaflopi moja ni hesabu milioni bilioni kwa sekunde) na mfumo wa mafaili ambao baadaye ulifika takriban terabaiti 1 kwa sekunde. Summit ya mwaka 2018 ilifika petaflopi 200, lakini mfumo wake wa mafaili uliishia terabaiti 2.5 kwa sekunde. Uwezo wa kukokotoa ulipanda zaidi ya mara 7, wa kuandika mara 2.5. Kwa mwendo huo, hatua nyingi za simulesheni hazitaandikwa kamwe, na njia pekee ya kuziona ni kuchora data ikiwa bado kwenye RAM. Catalyst na Ascent ni maktaba zinazofanya hivyo: simulesheni inaziita kila baada ya hatua kadhaa, zinachora, na kinachoandikwa ni picha tu.

Naiunga mkono njia hii kwa simulesheni kubwa, ila inauzwa kwa maneno matamu kuliko ilivyo. Kwanza, inataka ujue kabla ni nini unataka kukiona. Ukichagua thamani isiyo sahihi ya uso wa thamani sawa, data yake imeshapita. Kazi ya Cinema, iliyotolewa mwaka 2014 ikiongozwa na Ahrens wa Los Alamos, inapunguza maumivu hayo kwa kuhifadhi mamia au maelfu ya picha za pembe na vigezo tofauti, ili mtafiti azipitie baadaye kana kwamba anageuza kamera; lakini bado anachagua ndani ya vile vilivyochorwa. Pili, maktaba ya kuchora inakula RAM ileile ya simulesheni. Ikizaa ile gridi huria ya baiti 89, inayoanguka si picha pekee, ni simulesheni nzima ya siku tatu. Anayeijaribu aanze na Slice na Contour, na aweke hatua za kuhifadhi hali ya simulesheni kabla ya kuita uchoraji.

Katikati ya njia hizo mbili kuna kubana kwa hasara. Maktaba ya zfp inaweza kuweka kila thamani kwenye biti 8 badala ya 32, na gigabaiti 275 zikawa 69, kusoma kukashuka kutoka sekunde 55 hadi karibu 14. Kwa uso wa thamani sawa wa uwanja laini, tofauti ni ngumu kuiona. Usikokotoe kizunguzungu cha mtiririko, yaani jinsi hewa inavyojizungusha, kutoka kwenye data hiyo bila kulinganisha kwanza na data halisi, maana kila unapochukua tofauti kati ya pointi jirani, hitilafu ndogo ya kubana inakuzwa.

Mwisho ni filamu za hatua nyingi za wakati. Hapa watu huomba nodi zote 64 kwa kazi moja na kupitia hatua 500 moja baada ya nyingine, kila hatua ikilipa kusoma, kuunganisha na kusubiriana. Hatua hizo hazitegemeani. Tafuta idadi ndogo kabisa ya nodi inayotosha kubeba hatua moja pamoja na vichujio vyake. Kwa Contour kwenye data yetu, nodi 8 za gigabaiti 64 zinabeba gigabaiti 34 kila moja na kubaki na nafasi. Kisha tuma kwenye Slurm, mpanga foleni ya kazi za klasta, kazi 8 za pvbatch, ParaView inayoendeshwa kwa skripti bila dirisha, kila moja na hatua zake 62 au 63. Kuunganisha kunapungua kutoka raundi 6 hadi 3, wakati kundi moja linasoma jingine linachora, diski haipigwi na wote kwa mkupuo, na kazi moja ikianguka usiku unarudia hatua zake hizo chache peke yake.